Je, Makueni inabaki tupu? Jibu kwa msomaji anayefikiria kurudi kijijini

"Nina umri wa miaka 52 na nimefanya kazi Nairobi tangu nimalize shule. Nyumbani ni Makueni, upande wa Kathonzweni. Kila nikienda huko naona mambo yanayonitia wasiwasi. Shule niliyosoma miaka ya 1980, tulipokuwa tukibanana kwenye madawati, sasa ina watoto wachache. Nyumba nyingi zina kufuli, na waliobaki ni wazee na wajukuu. Hata hivyo sensa inasema idadi ya watu iliongezeka. Mwaka ujao nitastaafu mapema na kulipwa haki zangu. Mimi nataka kufungua duka la vifaa vya ujenzi sokoni na kupanda maembe kwenye shamba la ekari kumi aliloliacha marehemu baba, ambalo hati yake bado ina jina lake. Mke wangu anaona tuliuze shamba hilo tununue ploti pembeni mwa Nairobi, kwa sababu kijiji kinakufa. Nani kati yetu anaona sawasawa?"

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako kwa makini, kwa kuwa linazikabili familia nyingi za Ukambani na kwa kuwa uamuzi mtakaoufanya utagusa akiba ya maisha yenu yote. Hofu yako, kama ninavyoielewa, ni kwamba utaweka pesa mahali ambapo wateja wanapungua mwaka baada ya mwaka. Hofu ya mkeo ni hiyo hiyo, ila yeye amekwisha kuona kwamba dawa yake ni kuondoka. Nyote wawili mmeona mambo ya kweli, lakini mnayachukua yote kuwa dalili ya ugonjwa mmoja, ilhali kila moja lina sababu yake, na baadhi yake yanaelekea upande ulio kinyume na mnavyodhani.

Tuanze na sensa. Mwaka 2009 Makueni ilihesabiwa kuwa na watu 884,527, na usiku wa Agosti 24 kuamkia 25 mwaka 2019 walihesabiwa 987,653. Kwa hiyo watu waliongezeka kwa zaidi ya laki moja katika miaka kumi. Ukigawa ongezeko hilo kwa mwaka utapata takriban asilimia 1.1, nusu ya kasi ya nchi nzima, ambayo ilikuwa asilimia 2.2. Hapo ndipo penye ukweli wa unachokiona: kaunti inakua, ila inakua polepole, kwa sababu wanaozaliwa ni wachache kuliko zamani na kwa sababu vijana wengi huondoka wakishafikia umri wa kujitafutia. Kumbuka pia kwamba sensa yetu humhesabu mtu mahali alipolala usiku ule, si mahali anapopaita nyumbani. Wewe mwenyewe, kama ulilala Nairobi usiku huo, ulihesabiwa kuwa mtu wa Nairobi.

Takwimu ambayo ningependa uikalie zaidi ni ya kaya, yaani watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mwaka 2009 Makueni ilikuwa na kaya takriban 186,000. Mwaka 2019 zilikuwa zimezidi 244,000. Watu waliongezeka kwa asilimia karibu 12, lakini kaya ziliongezeka kwa asilimia karibu 31. Sababu ni kwamba kaya ya wastani imepungua kutoka watu karibu watano hadi wanne. Boma ambalo zamani lilikuwa na baba, mama, watoto wanane na nyanya, leo limezaa maboma matatu au manne, kila moja na paa lake, jiko lake, choo chake na tangi lake la maji. Kwa mtu anayefikiria kuuza mabati na simiti, hili ndilo jambo lenye uzito, kwa kuwa anayenunua bati ni kaya, hata ikiwa na watu wawili tu. Na hapo bado hatujazihesabu nyumba zenye kufuli, kwa sababu nyumba ambayo hakuna aliyelala ndani yake usiku wa sensa haihesabiwi kuwa kaya, ingawa ilijengwa kwa mabati na simiti kama nyingine.

Sasa tuje kwenye shule, ambayo naona ndiyo iliyokuumiza moyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya, kwa wastani, angezaa watoto 8.1 katika maisha yake. Hicho kilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani wakati huo, na kizazi chenu ndicho kilichozaliwa humo. Ndiyo maana mlibanana. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi 3.4. Kwa hiyo darasa unalolikumbuka lisiwe kipimo cha darasa linalopaswa kuwepo leo, maana lilijaa katika kipindi cha pekee katika historia ya nchi yetu. Zingatia pia kwamba elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, shule za kijijini zilifurika ghafla kwa watoto waliokuwa nyumbani kwa kukosa karo, na wimbi hilo limekwisha kupita. Tangu hapo shule nyingine zimefunguliwa karibu, za umma na za binafsi, zikagawana watoto wale wale. Nakusihi usiifanye idadi ya wanafunzi wa shule moja kuwa kipimo cha uhai wa kijiji kizima.

Huenda ukauliza: ikiwa watoto wanapungua kwa kila mama, kwa nini watu wanazidi? Ni kwa sababu wale wengi waliozaliwa zamani sasa ndio wazazi. Mama mmoja anazaa watatu mahali ambapo mama yake alizaa wanane, lakini akina mama wenyewe wamekuwa wengi zaidi. Ongezeko la namna hii huendelea kwa miaka mingi baada ya uzazi kupungua, na linapoendelea umbo la jamii hubadilika: watoto wadogo wanakuwa sehemu ndogo, watu wazima wanakuwa sehemu kubwa, na wazee wanaonekana zaidi.

Kuhusu nyumba zenye kufuli, safari ijayo simama mbele ya mojawapo uitazame vizuri. Mara nyingi utakuta uwanja umefagiwa, mifereji ya mvua imeelekezwa kwenye tangi, na mbuzi wawili watatu wamefungwa chini ya mti kwa sababu jirani ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Hiyo ni nyumba ya familia iliyojigawa. Mtoto mmoja yuko Mombasa, mwingine Nairobi, mwingine ana kibanda Emali kando ya barabara kuu, na mama anahama baina yao kulingana na msimu na ugonjwa. Katika eneo ambalo mvua inaweza kukosekana misimu miwili mfululizo, familia isiyo na mtu wa kuleta pesa kutoka nje iko hatarini kuliko ile iliyotawanyika, na watu wa Makueni wamelijua hilo tangu enzi za babu zetu. Kilichobadilika ni urahisi wa kutuma pesa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mshahara unaopatikana Nairobi asubuhi unaweza kununua misumari Kathonzweni jioni. Wazee nao hawako nje ya uchumi huo: waliotimiza miaka 70 na kuandikishwa katika Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi, na muuza duka yeyote wa kijijini atakuambia siku ambazo pesa hizo zimefika, hata zinapochelewa.

Hata hivyo, mkeo hajakosea kila kitu, na sitaki umrudie ukisema mtaalamu amekuunga mkono wewe. Mahali ambapo pesa nyingi hutoka nje, biashara huyumba pale mambo ya nje yanapoyumba: kampuni ikipunguza wafanyakazi mjini, ujenzi kijijini husimama. Vibarua wa shamba ni vigumu kupatikana wakati wa kupalilia, kwa sababu vijana waliobaki wanaona afadhali bodaboda, inayolipa kila siku, kuliko shamba linalolipa mara moja kwa msimu, tena mvua ikipenda. Na maji ndiyo yanayoamua karibu kila kitu kingine.

Niseme zaidi kuhusu maji, kwa sababu mpango wako wa maembe utasimama au kuanguka hapo. Sehemu kubwa ya Makueni hutegemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi hadi Mei, ambazo upande wenu wa chini hazitabiriki. Mche wa embe uliopandikizwa unahitaji kusaidiwa kwa maji wakati wa kiangazi katika miaka miwili ya kwanza. Tukikadiria lita 20 kwa kila mche kwa wiki, miche 100 inahitaji lita 2,000. Punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20, yaani lita 80. Hizo ni safari 25 za punda kila wiki, na kama mto wa mchanga, yaani mto wa msimu ambao maji yake hufukuliwa mchangani, uko mwendo wa saa moja, piga hesabu mwenyewe ni nani atakayezifanya na kwa ujira gani. Ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya mita kumi kwa kumi, huchukua miche kama 40, na hiyo ni safari kumi tu. Kwa hiyo ushauri wangu ni uanze na ekari moja mwanzoni mwa mvua za Novemba, usithubutu ekari zote kumi.

Kabla ya hata mche mmoja, uliza kama mto wenu una bwawa la mchanga au unaweza kujengewa. Ni ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki yamejificha baina ya chembe za mchanga ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Ukifukua shimo wakati wa kiangazi, maji huchuruzika polepole hadi yanatosha kuchotwa kwa kikombe. Ukambani kuna mabwawa mengi ya namna hii, na mengi yalijengwa na vikundi vya wanavijiji wenyewe waliobeba mawe kwa zamu. Ujenzi wa bwawa kubwa la Thwake, kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, ulianza mwaka 2018 na tarehe za kulikamilisha zimesogezwa zaidi ya mara moja. Usipange shamba lako kwa maji ambayo bado hayajafika kwenye bomba lako.

Maembe yenyewe ni zao jema, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zinazoongoza nchini kwa kilimo chake. Lakini yanaiva karibu yote kwa wakati mmoja, kuanzia Desemba hadi Machi, na dalali anajua kwamba embe lililoiva halikai. Ndiyo maana wakati wa msimu wakulima huuza embe zima kwa shilingi chache shambani. Kiwanda cha matunda cha kaunti kilichoko Kalamba kimesaidia kwa kununua sehemu ya mavuno na kuyasaga kuwa rojo, ila hakiwezi kumeza yote. Soko la Ulaya nalo lilifungwa mwaka 2014, Kenya yenyewe ilipositisha kuuza huko kwa sababu ya nzi wa matunda, likafunguliwa tena mwaka 2021. Maana yake kwako ni kwamba usipotega mitego ya nzi, na usipookota na kuyazika maembe yote yaliyoanguka, utabaki na soko la dalali peke yake. Mche uliopandikizwa huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne. Katika miaka hiyo panda ndengu, kunde na mbaazi katikati ya miche; ndengu huiva upesi na huleta pesa mwanzoni mwa mwaka.

Duka la vifaa vya ujenzi naliona lina msingi bora kuliko shamba, kwa sababu ya hesabu ya kaya niliyokueleza. Lakini usikodi chumba kabla hujafanya kazi moja ya miguu. Nenda siku ya soko na siku isiyo ya soko, tembea njia zote zinazoingia sokoni kwa mwendo wa saa moja, na uhesabu nyumba zinazojengwa sasa hivi: misingi iliyochimbwa, kuta zisizo na paa, matangi mapya. Waulize mafundi wananunua wapi misumari na kwa nini. Ukiona kwamba wanapanda gari hadi mjini Wote, makao makuu ya kaunti, kwa kukosa bidhaa, nafasi ipo. Ukiona tayari kuna maduka mawili yanayogombania fundi mmoja, hata sensa haitakusaidia. Jua pia kwamba simiti ikikaa ghalani zaidi ya miezi mitatu hivi hupoteza nguvu na kuanza kuganda, hivyo usijaze ghala ili duka lionekane kubwa. Mauzo hupanda Agosti na Desemba wenye mishahara wanapokuja nyumbani, kisha Januari karo huchukua kila kitu. Utaombwa mkopo na watu unaowaheshimu, na ni lazima wewe na mkeo mkubaliane tangu mwanzo ni kiasi gani mtakopesha, kwa sababu maduka mengi ya kijijini hufa yakiwa na wateja wengi wenye madeni.

Jambo moja zaidi hapo: watakushawishi uuze na mchanga. Kaunti ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, baada ya mito kuchimbwa hadi kwenye mwamba na visima vya watu kukauka. Usiguse biashara hiyo bila kibali na bila kujua mchanga umetoka wapi, kwa sababu mchanga huo ndio ghala la maji utakalomwagilia miche yako.

Kuhusu kuuza shamba, nasema bila kuzunguka: kwa sasa hamwezi, hata kama nyote mngetaka. Maadamu hati ina jina la marehemu baba yako, shamba ni mali ya warithi wake wote, na hujasema una ndugu wangapi. Sheria ya Urithi inakataza kuuza ardhi ya marehemu kabla barua ya usimamizi wa mirathi haijathibitishwa na mahakama, na uthibitisho huo kwa kawaida huja baada ya miezi sita tangu barua itolewe. Dada zako, walioolewa na wasioolewa, ni warithi kama wewe. Baada ya hapo, ardhi ya kilimo haiuziki bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Yeyote atakayekupa pesa leo kwa karatasi mliyoandikiana kwa chifu anawanunulia kesi nyote wawili. Sheria hizo zinakuzuia wewe pia kama mpandaji: miti ya maembe huishi miaka mingi, na mti uliopandwa kwenye sehemu ambayo haijagawanywa huzua ugomvi unaoishi kuliko wewe.

Ploti ya pembeni mwa Nairobi si wazo baya kwa lenyewe, ikiwa itatoka kwenye sehemu ya akiba na si kwa kuuza urithi wa watu wote. Wengi walinunua kandokando ya Konza, tangu mji huo wa teknolojia utangazwe, wakitarajia bei ipande haraka, na wamesubiri muda mrefu. Thamani ya ploti isiyojengwa haikupi chakula mwezi huu, nawe utakuwa umestaafu. Ningekuwa mahali penu, ningegawa haki zako za kustaafu sehemu tatu: moja ya akiba isiyoguswa, pamoja na mchango wa bima ya afya ya SHA, kwa kuwa mnakaribia umri wa kuhitaji hospitali, moja ya duka dogo, na moja ya kusubiri mwaka mzima kabla ya kuamua kati ya ploti na kupanua duka. Mwaka huo mmoja mkeo aendelee kuishi Nairobi kama anavyopenda. Hata nyumba yenu ikifungwa kufuli kwa miezi kadhaa, si ishara ya kifo.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Muone afisa wa kilimo wa wadi yenu, aje shambani atazame udongo na kina chake kabla hujanunua miche. Kama mnafikiria kuchimba kisima kirefu, mpate mtaalamu wa kupima maji chini ya ardhi pamoja na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa sababu sehemu nyingi za Makueni maji ya chini ni ya chumvi na pesa nyingi zimezama humo. Kwa mirathi, tafuta wakili mjini Wote, ambako kuna mahakama, ukiwa na cheti cha kifo cha baba, nakala ya hati na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Mkitofautiana, kaeni kwanza mbele ya wazee wa ukoo kabla kila mmoja hajajitafutia wakili wake. Katiba ya 2010 inautambua usuluhishi wa namna hiyo. Ila makubaliano yoyote yatakayowanyima dada zako fungu lao kwa sababu ni wanawake Katiba hiyo hiyo haiyakubali, na mahakama inaweza kuyatengua hata baada ya maembe kuanza kuzaa.